Picha katika Hamamu ya Qusayr Amra

Qusayr Amra, hamamu iliyoko jangwani mashariki mwa Amman, Jordan, ilijengwa na al-Walid bin Yazid kabla hajashika ukhalifa mwaka 743. Kutani wamechorwa wawindaji, wafalme na wanawake wakioga; kuba la chumba cha joto lina anga na makundi ya nyota. Je, Uislamu haukukataza taswira za viumbe? Msikiti Mkuu wa Damascus, kazi ya Banu Umayya, ukoo wa al-Walid huyo, una mozaiki za miti, mito na majumba, bila mtu wala mnyama. Basi penye ibada viumbe viliepukwa, penye starehe vikachorwa. Hata hivyo, wanazuoni wengi walikemea picha za viumbe popote zilipo. Hamamu hiyo inashuhudia mwenendo wa watawala, si hukumu ya sheria.