Moyo wa Mbuzi na Heshima ya Mwalimu

Je, kumheshimu mwalimu ni kulikubali kila neno lake? Swali hili huulizwa mara nyingi katika darasa zetu, na jawabu lake moja laweza kupatikana siku ya kuchinja.

Ndugu msomaji, chukua moyo wa mbuzi uupasue. Utaona vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na baina ya vile vya chini pana ukuta mnene wa nyama. Ndivyo ulivyo moyo wa kila mnyama anyonyeshaye, tangu panya hata nyangumi, na mwanadamu ni kama wao. Utazame vyema ukuta huo: hauna tundu.

Lakini Galen, tabibu mkubwa wa Kiyunani aliyezaliwa mwaka 129, alisema kuwa damu hupenya ukutani humo kwa vitundu visivyoonekana, ikatoka upande wa kulia ikaingia wa kushoto. Kwa kuwa msemaji ni Galen, watu walisadiki kwa zaidi ya miaka elfu. Wanyama wakachinjwa kila siku, na ukuta ukaonekana, wala macho hayakuaminiwa.

Yapata mwaka 1242, Ibn an-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyesomesha fikihi ya Kishafii mjini Cairo, aliandika maelezo juu ya tashrihi ya viungo iliyomo katika Kanuni ya Ibn Sina. Humo akakataa. Alisema kuwa ukuta ule ni mzima, na damu ya upande wa kulia haina njia ila kwenda mapafuni, kisha irudi upande wa kushoto. Hakuacha kuvisoma vitabu vya wakubwa wake. Alivisoma na kuvieleza, na penye kosa akalisema.

Hapa wengi wetu hujifakhiri kuwa mzee wetu aliwatangulia Wazungu. Ni kweli, kitabu cha William Harvey juu ya mwendo wa damu kilitoka mwaka 1628. Lakini maandishi ya Ibn an-Nafis yalikuwa yamesahauliwa, mpaka mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyiddin at-Tatawi, alipoyafufua kutoka maktaba ya Berlin. Kujifakhiri kwa kitabu tusichokisoma ni fakhari gani?

Tena Ibn an-Nafis naye alikosea. Alidhani kuwa damu na hewa huchanganyika mapafuni ili roho izaliwe moyoni. Leo yajulikana kuwa ni oksijeni ipenyayo utando mwembamba wa mapafu ikaingia katika damu. Tukisema yeye hakosolewi, tutakuwa tumemfanya Galen wa pili.

Basi mtoto akiuliza "Kwa nini?", asikemewe. Mwalimu akasirikaye kwa swali hulinda cheo chake, halindi ilimu. Na mwanafunzi naye asiulize kwa kiburi. Atazame kwanza, kisha aseme kwa adabu. Idi ijayo, mwite mwanao, mpasulie moyo wa mbuzi, umwache aulize.