Tumechanga, Kwa Hivyo?

Mjomba alikalia mto miaka miwili. Akija kwetu, anauweka kwenye kiti kwanza ndipo aketi, na sisi tunacheka: mzee ana bawasiri. Kumbe ilikuwa kodoma, uvimbe adimu, wake ukiwa umeota ndani ya mfupa wa chini ya mgongo, juu ya kifandugu. Kila mwaka humpata takriban mtu 1 katika milioni. Hukua polepole, ndiyo maana hugunduliwa umeshakuwa mkubwa.

Daktari hakutuficha. Kemo ya kawaida haisaidii sana. Tiba kuu ni kuutoa mzima pamoja na kipande cha mfupa, maana ukipasuka, chembe zake humwagika na unaweza kurudi. Shida ni kwamba hapo hapo hupita neva za kibofu, za choo na za tendo la ndoa. Zikikatwa, huenda akaishi na mpira wa mkojo na mfuko wa choo.

Jioni hiyo tukafungua grupu la WhatsApp. M-Pesa zikaingia. Wiki ya pili Mjomba akasema, "Ngojeni kwanza." Grupu likawaka. "Si tumechanga!" binamu yangu akaandika. Mimi nikaweka kidole gumba.

Kidole hicho kinanisumbua mpaka leo. Ni kweli, mtu ni watu. Na uvimbe ukiachwa utazila neva zile zile. Atakayemuuguza ni mkewe, si yeye peke yake. Kwa hivyo tuna haki ya kusema. Lakini je, tuna haki ya kuamuru? Baada ya upasuaji mimi nitarudi Nairobi na suruali kavu. Yeye ndiye atakayeamka saa nane usiku kubadilisha shuka. Mchango unaodai utiiwe si mchango tena, ni deni.

Nikapanda basi hadi Mombasa, nikamuuliza anaogopa nini.

"Mpwa wangu, nyote mmeniuliza tarehe tu," akasema. Akanyamaza. "Naogopa kunuka msikitini. Na udhu wangu utakuwaje?"

Tukaandika maswali yake kwenye karatasi: manne ya daktari, moja la shehe. Kesho tunayapeleka. Kwenye grupu nimeandika kwamba pesa zingoje. Binamu amesoma, hajajibu.