Nyundo Peke Yake

Hapa Timau, mtu akifiwa au akifutwa kazi kwenye mashamba ya maua, hakosi wa kumwambia kwamba chuma hakiwi imara bila kupigwa. Neno hilo nimelisikia matangani, kanisani, hata kwenye matatu ya Nanyuki. Wanaolisema wana nia njema, ila sidhani wamewahi kumtazama mhunzi vizuri.

Chuma ni chembe ndogo zilizoshikamana, na ndani ya kila chembe atomu zimejipanga safu kwa safu. Ukikigonga kikiwa baridi, safu zinavurugika, vurugu inarundikana, na kweli kinazidi kuwa kigumu. Endelea kugonga na kitapasuka. Ugumu huo ndio tunaousifu kwa watu: yule mama ni chuma bwana, hata halii!

Kikiwa na moto wa kutosha, mambo ni mengine. Atomu zinaweza kusogea, na pale palipovurugika zaidi, hasa kwenye mipaka ya chembe, zinazaliwa chembe mpya zisizo na vurugu ile, zikachukua nafasi ya zile kuukuu. Ndege zinazopeleka maua yetu Ulaya zina injini ambazo sahani zake za turbini hufuliwa hivyo, kwa aloi za nikeli kama Inconel 718, kwenye joto la karibu nyuzi 1000 za Selsiasi. Wahandisi wanapima joto na kasi ya kukandamiza, maana moto ukizidi, chembe zinanenepa na uimara unapungua. Fundi wa jua kali anayefua panga kutoka springi ya lori hana vipimo hivyo, lakini akiona wekundu umefifia, anakirudisha chuma motoni kabla ya kupiga tena.

Kwa hiyo mfano wenyewe si mbaya, tunausoma nusu tu. Pigo linaleta vurugu. Joto ndilo linaloigeuza, na chuma hakijiwashii moto. Anayemwambia mjane "unafuliwa" kisha akaenda zake amejiondoa kwenye kazi ya mvukuto. Tena chuma hakiulizwi kama kinataka kufuliwa. Mtu anaweza kuulizwa.

Jirani yangu alifiwa na mume mwaka jana. Siku ya nne baada ya mazishi alipanda basi la alfajiri kwenda kuvuna waridi, na sifa alizipata nyingi. Baadaye wanawake watatu wa chama chake walipangiana zamu za kukaa na mtoto. Wiki hiyo ndiyo nilimsikia akilia nyuma ya nyumba, mchana, kwa sauti, bila kujificha.