Dawa Isiyoshindwa

Mjukuu wangu alinionyesha mchezo katika simu yake. Mna mganga ambaye dawa zake huongezeka nguvu kila anaposhinda pambano. Akishindwa hapati kitu. Nikamwambia kuwa katika dunia hii nimeona jambo jingine: dawa yenye nguvu kupita zote ni ile ambayo hata ikishindwa haihesabiwi kuwa imeshindwa.

Tuitazame historia yetu. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale alianza kugawa maji ya dawa huko Ngarambe, upande wa Rufiji. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa viboko vya Wajerumani. Wajumbe waliyachukua maji yale mbali, na sifa zake zikakua njiani, hata ikasemwa kuwa risasi zitageuka maji. Sisemi haya kwa kejeli. Maji yale yaliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja, na hiyo ni nguvu ya kweli. Lakini tarehe 30 Agosti 1905, Wambunga wa bonde letu pamoja na Wapogoro waliliendea boma la Mahenge, nao wakapokewa na bunduki za rashasha. Mamia walikufa.

Je, dawa ilikufa siku ile? La. Ilikuwa na miiko yake: usilale na mkeo, usipore mali. Aliyeanguka alisemekana kuwa amevunja mwiko. Hivyo dawa ilibaki safi, na kosa likazikwa pamoja na marehemu. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na njaa ikaua wengi zaidi.

Ndugu msomaji, tusiwacheke wazee wetu. Mimi nami nilikuwa na maji yangu. Miaka yote ya ualimu mkuu niliwaambia watoto mstarini, "Atakayejitahidi atafaulu." Walioingia kidato cha kwanza niliwataja kuwa ushahidi. Walioachwa niliwaita wavivu.

Mwaka mmoja mama mmoja alinijia kuuliza habari za mwanawe. Nikamjibu, "Mama, kijana hakujitahidi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mchana alikuwa dunguni akifukuza ndege kwenye mpunga. Usiku alisoma kwa kibatari mpaka mafuta yakaisha." Sikuwa na neno. Nilijua vizuri kwamba nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko watoto waliojitahidi. Nilijua, na bado nilimtwika mtoto kosa lile ili maneno yangu yabaki ya kweli.

Sidai kwamba tuwanyime watu tumaini; bila tumaini hakuna anayeshika jembe wala kitabu. Nasema tu kwamba anayegawa dawa akubali kuulizwa inaposhindwa. Ningewaambia watoto wale, "Jitahidini, ingawa nafasi ni chache, na atakayeachwa si lazima awe amekosa." Maneno hayo yana nguvu ndogo mstarini. Lakini kijana yule angerudi nyumbani bila aibu niliyompa mimi.