UFAGIO AU KIPAZA SAUTI?



Karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati tu. Labda umepewa ukiingia uwanjani, labda umeikuta kwenye kiti cha basi. Kabla hujaikunja na kuitia mfukoni, nijibu swali moja. Mkutano huu ukiisha, jukwaa likibomolewa na vipaza sauti vikipakiwa kwenye gari, wewe utakuwa wapi Jumamosi inayofuata saa kumi jioni, wakati kanisa la mtaani kwenu linatafuta mtu wa kufagia?

Usicheke. Hilo ni swali la kiroho.

Siku hizi watu wengi wanaokoka, tunamshukuru Mungu. Lakini angalia vizuri. Kila mmoja anataka kuhubiri. Kila mmoja anataka aitwe Mtumishi. Ukitangaza kanisani, "Nani ataongoza ibada Jumapili ijayo?" mikono ishirini iko juu. Ukitangaza, "Nani atakwenda kumwogesha yule mzee mgonjwa na kumfulia?" ghafla watu wanafungua Biblia kutafuta mstari!

USHUHUDA WANGU

Nami nilikuwa hivyo hivyo, sikufichi. Nilikuwa kiongozi wa vijana. Nilitoa zaka, nilifunga, mikesha sikukosa. Lakini moyoni nilikuwa na hesabu zangu. Siku ya kuchagua wazee wa kanisa ilipofika, nilijua jina langu litasomwa. Nilinyoosha hata suti. Yakasomwa majina yote, la kwangu halimo.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Jumapili iliyofuata sikwenda ibadani, nikasema kichwa kinauma. Ya pili nikasema mvua. Ya tatu sikutoa hata sababu. Mke wangu akaniuliza, "Baba, hivi umemkasirikia nani, mchungaji au Mungu?" Sikumjibu.

Juma lile mtoto wetu akashikwa na malaria kali. Usiku tukamkimbiza hospitali. Kulipopambazuka, nani akatokea mlangoni mwa wodi? Si mzee wa kanisa, si mwenzangu wa uongozi. Ni mama mmoja mjane, yule anayefagia kanisa kila Jumamosi. Mkononi ana chupa ya uji na khanga safi. Hakuniuliza mbona sionekani. Akakaa kitandani kwa mtoto, akamwambia mke wangu, "Wewe mwanangu, lala kidogo." Siku nne alikuja hivyo, kwa miguu.

Mtoto akapona, utukufu una Bwana. Siku ya kuruhusiwa nikataka kumshukuru yule mama. Nikafungua mdomo, nikakwama. Sikujua jina lake! Miaka sita tumesali kanisa moja, mimi kiongozi, na jina lake silijui. Ilibidi nimwulize mke wangu pembeni.

Nikamwuliza, "Mama, nani alikuambia tuko hapa?" Akanijibu kwa upole, "Baba, mimi nikifagia huwa naombea kila kiti na mtu wake. Kiti chako kilikuwa kitupu Jumapili tatu. Nikaja kwenu, jirani akaniambia mko hospitali."

Msomaji, Roho Mtakatifu alinichoma moyo pale pale. Kazi ya mzee wa kanisa niliyokuwa naililia, yule mama alikuwa anaifanya, bila cheo, ufagio mkononi. Mimi nilitaka kiti cha mbele. Yeye alimtaka mtu aliyekalia kiti.

BWANA ALISHIKA BESENI

Soma Yohana 13, kisha usome Luka 22 kuanzia mstari wa 24. Usiku ule ule wa mwisho, wanafunzi walikuwa wanabishana nani kati yao ni mkubwa. Wanaume kumi na wawili, miguu ina vumbi, maji yapo, beseni lipo, kitambaa kipo. Hakuna aliyeinuka! Kila mmoja alikuwa anasubiri mdogo ainuke. Ndipo aliyeinuka akawa Bwana mwenyewe. Akavua vazi lake, akajifunga kitambaa, akainama.

Na tazama jambo hili: Yuda alikuwa bado hajatoka. Miguu ya msaliti nayo ilioshwa. Je, wewe unaweza kumtumikia mtu unayejua kesho atakusema vibaya? Hapo ndipo nia ya mtu inapojulikana. Anayetumika ili asifiwe, siku asiposifiwa ataacha. Anayetumika kwa sababu Yesu alimwosha yeye kwanza, huyo haachi.

Hata Stefano, yule shahidi wa Kristo, alianzia wapi? Soma Matendo 6. Aliwekwa kuangalia chakula cha wajane kigawanywe kwa haki. Alikuwa amejaa Roho Mtakatifu, na bado kazi ya mezani haikumshinda. Leo mtu akijazwa Roho anasema, "Mimi si wa kupanga viti." Roho gani huyo?

KICHWA NDANI YA SANDUKU

Labda unasema, "Nikianza na ufagio nitabaki na ufagio, huduma yangu itazikwa." Sikia habari za William Seymour. Alizaliwa mwaka 1870 huko Louisiana, Marekani, wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Ndui ilimpofusha jicho moja. Aliwahi kufanya kazi ya kuhudumia watu mezani hotelini. Alipotaka kujifunza Neno huko Houston, ubaguzi wa rangi ulimzuia kukaa darasani pamoja na Wazungu, akasikiliza akiwa nje ya mlango. Mwaka 1906 akaitwa Los Angeles kuhudumu katika kanisa dogo. Hawakupendezwa na mafundisho yake, wakamfungia mlango.

Hakugombania mimbari ile. Alikwenda kuomba na watu wa kawaida majumbani mwao. Tarehe 9 Aprili 1906 Roho Mtakatifu akashuka juu ya watu wale. Watu wakafurika, wakahamia jengo kuukuu katika mtaa wa Azusa, namba 312, jengo lililokuwa limewahi kutumika kama zizi. Viti vilikuwa mbao tu. Mimbari ilikuwa masanduku mawili matupu ya viatu, moja juu ya jingine. Waliokuwepo wamesimulia kwamba Seymour mara nyingi alikaa nyuma ya masanduku hayo, ameingiza kichwa ndani ya lile la juu, anaomba. Moto ulitoka pale ukaenda mataifa mengi, na kiongozi wake amejificha uso!

Na umati ulipopungua, je? Wengi waliondoka. Yeye aliendelea kuwa mchungaji wa kundi dogo la pale pale Azusa mpaka alipofariki mwaka 1922. Alichunga penye maelfu, akachunga penye wachache.

Wapendwa, moto wa Azusa tunautaka. Sanduku la Azusa hatulitaki!

JIPIME LEO

Simsemi vibaya anayehubiri. Mungu huwaita watu mimbarini, na mwenye wito huo asimame bila hofu. Nasema habari ya moyo. Jiulize mbele za Mungu:

1. Jina langu lisipotajwa siku ya shukrani, kesho yake nitarudi kazini?

2. Je, nawajua kwa majina watu wanaokaa viti vya nyuma kanisani kwangu?

3. Mwenzangu akiinuliwa kabla yangu, ninaweza kumwombea bila uchungu?

4. Kuna kazi gani kanisani ninayoifanya ambayo Mungu peke yake ndiye anayeiona?

Kama wewe ni mchungaji au mzee wa kanisa, soma pia 1 Petro 5:1-4. Kundi si mali yako. Uliwekwa uwe kielelezo kwao, usiwe bwana juu yao. Mara ya mwisho kushika ufagio ilikuwa lini?

Na wewe unayeruka ruka kutoka mkutano hadi mkutano, leo uwanja huu, kesho uwanja ule, lakini huna mchungaji anayekujua wala ndugu anayekutafuta ukipotea: siku ya dhiki mhubiri wa jukwaani atakuwa mji mwingine. Atakayekuletea uji hospitali ni mtu wa kanisa la mtaani kwenu. Jiunge nalo. Nawe uwe wa kumpelekea mwingine.

KAMA HUJAOKOKA

Rafiki, usielewe vibaya. Hakuna anayeokoka kwa kufagia kanisa. Unaokolewa kwa neema, kwa kumwamini Yesu aliyekufa msalabani kwa ajili yako akafufuka. Matendo mema yanafuata baadaye, soma Waefeso 2:8-10. Kwanza kubali Yeye akuoshe. Petro alikataa kuoshwa, Bwana akamwambia wazi kwamba asipooshwa hana sehemu naye.

Hapo ulipo, hata kama ni ndani ya basi, omba hivi kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejitafutia ukubwa wangu mwenyewe. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu. Nijaze Roho wako Mtakatifu, unipe moyo wa kutumika hata nisipoonekana. Amina."

Umeomba kwa moyo? Basi Mungu amekusikia. Sasa usikae nyumbani. Jumapili hii nenda katika kanisa lililo karibu nawe linalohubiri Neno la Mungu, mwone mchungaji, mwambie umeokoka. Halafu muulize swali moja: "Mchungaji, ufagio uko wapi?"

Ukimaliza kusoma usitupe karatasi hii. Mpe mwenzako. Mungu akubariki sana.