Lugha Iliyochaguliwa Babeli

Sura ya 10 ya kitabu cha Mwanzo inataja mataifa yaliyotokana na wana wa Nuhu. Waayalandi hawamo. Watawa wao, waliosoma Biblia kwa Kilatini, hawakuweza kulipuuza jambo hilo: taifa lisilo na babu katika Maandiko limetoka wapi, na lugha yake ina thamani gani mbele za Mungu?

Babu akapatikana. Katika Auraicept na n-Éces, mwongozo wa sarufi ambao sehemu yake kongwe hukadiriwa kuwa ya karne ya 7 au ya 8, Fénius Farsaid wa Skithia anakwenda kwenye mnara wa Babeli pamoja na wanachuoni 72, sawa na idadi ya lugha zilizozuka pale. Wanajifunza lugha zote. Miaka kumi baadaye wanamwomba awape lugha ambayo wengine hawana, na Kiayalandi kinaundwa kwa kuteua kilicho bora katika kila moja.

Dai hilo lilihitaji ujasiri. Augustino alikuwa amefundisha kwamba wanadamu walianza na Kiebrania, na Isidoro wa Sevilla akashikilia vivyo hivyo. Watawa hawakubishana nao. Ukongwe hawakuutaka, walitaka ubora. Babeli, ambayo wahubiri huisimulia kama adhabu, wao waliigeuza soko la kuchagulia. Hivyo lugha bora haikushuka kutoka Edeni bali ilitungwa na watu, tena walimu. (Sarufi ikiandikwa na walimu, shujaa atakuwa nani mwingine?) Mwongozo huo unalinganisha hata vifaa vya mnara na aina za maneno: upande mmoja udongo, maji, sufu, damu na chokaa, upande wa pili nomino, kitenzi, kiunganishi. Ukuta wa sufu ulisimamaje, hakuna anayeeleza.

Kitabu cha Lebor Gabála Érenn, kilichokusanywa karne ya 11, kinaendeleza ukoo. Nél, mwana wa Fénius, anamwoa Scota binti Farao, jina lililochongwa waziwazi kutokana na Scoti, Waayalandi katika Kilatini. Mtoto wao Goídel anaumwa na nyoka, Musa anamponya, na wazao wake wanaahidiwa nchi isiyo na nyoka.

Waskoti nao waliichukua hadithi hiyo, na ikaja kutumika katika siasa. Mwaka 1320, wakuu wa Uskoti walimwandikia Papa Yohane XXII kwamba taifa lao lilitoka Skithia, hivyo mfalme wa Uingereza hana haki juu yao.

Asili halisi ya lugha yenyewe ilikuja kufafanuliwa kwa njia nyingine: mwaka 1853 Mjerumani Johann Kaspar Zeuss alichapisha Grammatica Celtica, sarufi ya lugha za Kikelti, Kiayalandi kikiwemo. Alitegemea maelezo ambayo watawa wa Kiayalandi walikuwa wameyaandika kwa lugha yao katika vitabu vya Kilatini, mathalani sarufi ya Priscianus iliyohifadhiwa St. Gallen. Maelezo hayo yalisaidia kuthibitisha kwamba Kiayalandi ni ndugu wa Kilatini na Kigiriki: kilizaliwa nao kwa mama mmoja, bila kamati ya wateuzi.