Jina la Zamani Lisifutwe

Mkusanyaji wa mimea ana maadui wengi, wakiwamo ukame, wadudu na mbuzi wa jirani, lakini hakuna linalomchosha kama majina. Mmea unaota palepale ulipopandwa, majani ni yaleyale na ua ni lilelile, lakini baada ya miaka kadhaa kitabu kipya kinatangaza jina jipya la kisayansi, na kibandiko kilichoandikwa kwa wino mzuri kinakuwa cha kale. Afanye nini? Akibandue? Au ashikilie jina alilolizoea? Wengi huliona hili kuwa jambo la unadhifu wa bustani tu. Mimi, niliyetumia umri wangu kuwafundisha watakaofundisha wengine, naliona kuwa swali la uaminifu: ukweli wa leo unapofika, tuufanyie nini ule wa jana?

Kwanza tukubaliane kwamba majina hayabadiliki kwa sababu moja. Ziko sababu tatu, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni kuongezeka kwa maarifa. Liko ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo leo hupambia madirisha ya nyumba Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake mmea huo, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo. Jina hilo lilidumu zaidi ya karne moja. Kisha uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba mimea hiyo si ukoo wa peke yake, bali ni tawi la jenasi ya Streptocarpus, na mwaka 2015 ikahamishiwa huko. Hivyo ndivyo pia mmea wa majani yaliyosimama kama panga, tuliouita Sansevieria, ulivyoingizwa katika Dracaena. Hapa hakuna aliyeonewa. Wataalamu wameuona udugu ambao macho ya wazee wao hayakuweza kuuona.

Ya pili ni makubaliano. Migunga yetu yote iliitwa Acacia, na jina hilo lenyewe lilitokana na mgunga wa nchi za Mto Nile. Ilipobainika kwamba kundi hilo kubwa lazima ligawanywe, swali likawa nani abaki na jina. Mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua libaki kwa miti ya Australia, kwa kuwa spishi zake ni karibu elfu moja na kuzibadilisha zote kungeleta vurugu kubwa zaidi. Mkutano wa Melbourne mwaka 2011 haukuutengua uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikagawanywa, mingi ikaitwa Vachellia na mingine Senegalia. Waafrika wengi waliona wamenyang'anywa. Sayansi ilikuwa imesema kundi ligawanywe. Lakini nani arithi jina liliamuliwa kwa kura, na kura ina mshindi na mshindwa.

Ya tatu ni haki. Mimea mingi ya kusini mwa Afrika ilibeba neno caffra, lenye asili ya neno la Kiarabu tunalolijua katika Kiswahili, kafiri, ambalo huko Afrika Kusini liligeuzwa kuwa tusi kwa mtu mweusi. Kwa pendekezo lililotoka Afrika Kusini, mkutano wa Madrid wa mwaka 2024 ulikubali, kwa kura 351 dhidi ya 205, neno hilo liwe affra, yaani la Afrika. Majina zaidi ya 200 yaliguswa. Erythrina caffra, mti mzuri wa maua mekundu, sasa ni Erythrina affra.

Sasa turudi kwa mkusanyaji na kibandiko chake. Nimeona aina mbili za watu. Wa kwanza hukimbilia kila jina jipya na kulitupa la zamani. Huyu anadhani anaitumikia kweli, kumbe anakata daraja. Mwanafunzi atakayekuta katika kitabu cha misitu cha zamani kwamba Chlorophora excelsa hutoa mbao bora, atajuaje kwamba ndiyo Milicia excelsa ya leo, yaani mvule uleule? Wa pili hukataa kila badiliko akisema wazee walishamaliza. Huyu naye anawafungia vijana mlango wa maarifa. Yuko na wa tatu anayesema tutumie majina yetu ya kienyeji basi. Nayapenda majina hayo, lakini mgunga wa huku si lazima uwe mgunga wa kule.

Walinzi wa mimea iliyokaushwa katika makumbusho wana desturi ambayo ningependa kila mwalimu aijue. Jina linapobadilika, kibandiko cha kwanza hakibanduliwi. Kinaongezwa kingine kando yake, chenye jina jipya, jina la aliyeamua na mwaka. Karatasi moja yaweza kuwa na vibandiko vinne, kila kimoja ushahidi wa mtu na wakati wake. Lakini maelezo ya mahali mmea ulipochumwa, tarehe na mchumaji hubaki vilevile, kwa kuwa hayo ni tukio, na tukio halibadiliki. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mmea wenye jina la kale utapata jina jipya siku yoyote. Mmea usiojulikana ulikotoka umepotea.

Sisi walimu tulikuwa na kanuni hiyohiyo katika rejesta ya shule. Kosa lilikatwa kwa mstari mmoja, lililoandikwa chini yake likibaki kusomeka, kisha sahihi. Kulikwangua kwa wembe kulikatazwa, hata kama lililoandikwa upya lilikuwa sahihi.

Mtu ataniuliza: na tusi nalo lihifadhiwe? Swali hili lina haki, na sitalikwepa. Nadhani kuna tofauti kati ya sanduku la kumbukumbu na kibao cha njiani. Kibao kinazungumza na mpita njia, na mtoto hapaswi kutukanwa na mti. Hapo jina jipya peke yake linatosha. Ndani ya sanduku, neno la zamani libaki na mstari juu yake, ili ajaye ajue kwamba lilisemwa, na kwamba watu walikaa wakalikataa. Tukilifuta kabisa tunamfutia pia yule aliyelikataa kazi yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una bustani, hata ya makopo kumi barazani, andika jina la leo kwa herufi kubwa, la jana chini yake kwa herufi ndogo, na mahali ulipoutoa mmea pamoja na tarehe. Tumia penseli, maana wino wa kawaida hufutwa na mvua na jua. Na ukiwa na mjukuu karibu, mfundishe asiishie kuuliza mti huu unaitwaje, bali aulize pia nani alisema hivyo, na lini.